Wataalamu wa kusafisha meno waachiwe waende shuleni na kwa wazee, sheria ndo inawafunga

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za humu. Uzi utakuwa mrefu, mtanivumilia, mana hii ishu naibeba moyoni na ndo kazi inayonilisha hapa Minnesota. Nataka tuongelee meno, na sio meno ya mwenye bima nzuri anayeenda kliniki kila baada ya miezi sita. Naongelea mtoto wa familia isiyo na hela, mzee aliyelala kitandani kwenye nyumba ya wazee, na watu wa vijijini huku Marekani (ndiyo, Marekani pia kuna vijiji) ambako daktari wa meno wa karibu ni safari ya nusu siku na akipatikana anakwambia hapokei Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, kwa sababu inalipa kidogo.

Kwa asiyejua, kliniki ya meno huku ina daktari na ina haijinisti. Haijinisti ndo anakusafisha, anatoa ukoga na ule ugaga mgumu uliogandia mpaka chini ya fizi, anapiga eksirei, anapaka floraidi, anaziba mifereji ya magego kwa silanti (utando kama wa plastiki wa kuzuia uozo), na majimbo mengi anaruhusiwa hata kuchoma sindano ya ganzi. Kasoma chuo si chini ya miaka miwili, kafanya mtihani wa taifa na mtihani wa vitendo, ana leseni yenye jina lake mwenyewe. Sasa pamoja na yote hayo kwa miaka mingi sheria za majimbo zilisema huyu mtu asiguse jino mpaka daktari awe ndani ya jengo hilohilo, au mpaka daktari awe ameshamwona mgonjwa kwanza. Yaani unampeleka haijinisti sehemu isiyo na daktari halafu unamwambia subiri daktari.

Kinachouma ni kwamba hii kazi tangu inaanza ilikuwa ya kuwafuata watoto shuleni. Pale Bridgeport, Connecticut, daktari Alfred Fones alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha wagonjwa meno mwaka 1906, mwaka 1913 akafungua darasa la kwanza, na wahitimu wake wakaenda kufanya kazi kwenye shule za umma za mji ule. Irene Newman akapata leseni ya kwanza kabisa mwaka 1917. Hao kina mama walikuwa wanaingia darasani, wanawafundisha watoto kupiga mswaki, wanawasafisha palepale shuleni. Miaka mia imepita alafu leo kuna majimbo ukitaka kufanya kitu kilekile unazungushwa ofisi kwa ofisi.

Niwape mfano wa South Carolina mana ule unaonyesha mchezo wote waziwazi. Mwaka 2000 bunge la jimbo liliondoa sharti la daktari kumpima mtoto kwanza, ili haijinisti aweze kwenda moja kwa moja shuleni. Watoto wakaanza kuhudumiwa. Mwaka uliofuata, 2001, bodi ya meno ya jimbo, ambayo wajumbe wake wengi ni madaktari wa meno wenyewe, ikapitisha kanuni ya dharura kurudisha lile sharti. Dharura gani? Hakuna mtoto aliyekuwa amekufa. Tume ya shirikisho ya biashara, FTC, ikaifungulia bodi mashitaka mwaka 2003, na kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2007. Ona hapo, wanaosimamia ushindani wa biashara ndo waliokwenda kutetea meno ya watoto, sio watu wa afya.

Na mwaka huohuo wa 2007, mwezi wa pili, jimbo la Maryland alikufa mtoto wa miaka 12 anaitwa Deamonte Driver. Jino lilioza, usaha ukapanda mpaka kwenye ubongo, wakampasua kichwa mara mbili, hawakumuokoa. Kung'oa lile jino ingekuwa kama dola 80. Bili ya hospitali ilifika kama dola 250,000. Familia ilikuwa imehangaika kutafuta daktari anayepokea Medicaid. Baada ya hapo ndo Maryland wakashtuka, wakapanua ruhusa ya mahaijinisti wa afya ya jamii na wakaongeza malipo ya madaktari. Ilibidi mtoto azikwe kwanza.

Sasa mtu atauliza, kwani hicho wanachofanya shuleni ni kikubwa kiasi gani? Nieleze silanti inavyowekwa mana watu wanadhani ni mambo ya mashine kubwa. Tunapewa kona ya maktaba au jukwaa la ukumbi, tunafungua kiti cha kukunja, taa unavaa kichwani, kuna kimashine kidogo cha kunyonya mate. Mtoto wa darasa la pili analala, gego la kwanza la utu uzima ndo limetoka juzijuzi, lina mifereji juu yake myembamba hata unywele wa mswaki hauingii. Unalisafisha, unaweka pamba pembeni lisiguswe na mate, unapaka jeli ya asidi nusu dakika hivi, unasuuza, unakausha mpaka meno yanakuwa meupe kama chaki, unatiririsha ile silanti kwenye mfereji, unamulika taa ya bluu kama sekunde 20, unapitisha kifaa kuhakikisha imeshika. Umemaliza. Hakuna sindano, hakuna kulia, mtoto anarudi darasani anaonyesha wenzake. CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanasema silanti zinazuia 80% ya matundu kwenye magego kwa miaka miwili ya kwanza, na mtoto asiye nazo anapata matundu kwenye magego ya kwanza karibu mara tatu ya mwenye nazo. Hiyo kazi haihitaji daktari asimame mlangoni.

Ninachotaka mimi ni haijinisti mwenye leseni aruhusiwe kufanya mambo aliyosomea popote alipo mgonjwa bila kusubiri daktari apite kwanza, na alipwe moja kwa moja na Medicaid badala ya hela kupitia kwa daktari. Hilo la pili watu wanalisahau ila ndo linaloua. Leo zaidi ya majimbo 40 yana aina fulani ya ruhusa ya kumfikia mgonjwa moja kwa moja, mtu akisikia hivyo anafikiri mambo yameisha, ila ukisoma ndani unakuta jimbo hili anaruhusiwa shule tu, lile nyumba za wazee tu, jingine mpaka awe na masaa elfu kadhaa ya kazi, na kwingine anaruhusiwa kutibu ila haruhusiwi kutuma bili. Ruhusa bila malipo unampa mtu ufunguo wa nyumba iliyobomoka.

Karibuni.

#2 Mtu wa Tanga

Mkuu asante kwa uzi, nimesoma mpaka mwisho. Huyo mtoto wa Maryland amenitoa machozi. Swali langu, hivi hakuna jimbo hata moja lililoachia kabisa tukaona matokeo yake? Mana wapinzani wenu lazima wanasema watu wataumizwa.

#3 Mleta uzi

Mtu wa Tanga, lipo. Colorado tangu mwaka 1987 haijinisti anaweza kufungua sehemu yake na kufanya kazi bila usimamizi wa daktari. Huo mwaka kuna haijinisti wenzangu walikuwa hawajazaliwa. Kama kungekuwa na maafa, zaidi ya miaka 35 ingetosha tuyaone na wapinzani wangekuwa wanatupigia kelele nayo kila kikao cha bunge. Hawana. Wanaleta hofu ya "huenda ikatokea".

Hapa Minnesota tulianza mwaka 2001 kwa njia ya kati, haijinisti anaandikiana makubaliano na daktari, halafu anaenda zake shuleni, kwenye nyumba za wazee, kwenye vituo vya jamii, daktari hahitaji kuwepo wala kumwona mgonjwa kwanza. Daktari yupo kwa simu na kwa kumpelekea wagonjwa wanaohitaji kung'olewa au kuzibwa. Binafsi naiona nzuri, ila shida yake ni kwamba lazima umpate daktari wa kukusainia na huko vijijini ndo haohao hawapo.

#4 Daktari kijana

Habari mleta uzi. Mimi ni daktari wa meno, nipo Dar. Naheshimu sana kazi yenu ila naomba niongee upande mwingine bila kugombana. Kinywa sio meno tu. Unakuta mzee ana kidonda pembeni ya ulimi, miezi miwili sasa hakiponi, hiyo inaweza kuwa kansa. Unakuta mtu ana vali bandia ya moyo, ukimkwangua ugaga bila antibiotiki kabla unaweza ukampeleka bakteria kwenye moyo. Mwingine anakunywa dawa za kuzuia damu kuganda. Mtu akisema daktari amuone mgonjwa kwanza sio kila mara ni roho mbaya, mengine ni kweli tumeyaona wodini. Hofu yangu ni maskini kupewa huduma pungufu alafu tukaiita ukombozi.

#5 Mleta uzi

Daktari, nakushukuru kwa kuja kistaarabu, na hoja yako nzito kuliko nyingi ninazosikia huku.

Hayo yote uliyotaja tunasoma na tunafanyia mtihani. Historia ya mgonjwa tunaichukua sisi, hata ndani ya kliniki ya kifahari anayekuuliza una vali ya moyo na unakunywa dawa gani ni haijinisti, daktari anaingia mwishoni anaangalia kidogo. Kuangalia ulimi, chini ya ulimi, kaakaa, kupapasa shingo kama kuna uvimbe, hiyo ni hatua ya kila mgonjwa. Nikikuta kidonda kisichoeleweka naandika, napiga picha, natafuta pa kumpeleka.

Lakini jiulize huyo mzee mwenye kidonda cha ulimi kwenye nyumba ya wazee nani anamfungua mdomo. Hakuna. Medicare ambayo ndo bima ya wazee huku hailipii matibabu ya kawaida ya meno. Wahudumu wanamuogesha, wanamgeuza, wanamlisha, mdomo wanaogopa kuugusa. Nilishaenda chumba kimoja, bibi ana kiharusi hawezi kusema, wanasema siku hizi anakataa chakula, wakadhani ni uzee. Nikavaa gloves nikainua mdomo wa juu. Sahani ya meno bandia haijatolewa muda mrefu, chini yake chakula kimegandia, kaakaa jekundu lote lina utando mweupe wa fangasi, na meno machache ya chini yamefunikwa na ugaga kama daraja moja limeungana huwezi kuona jino na jino. Nikaitoa taratibu huku muuguzi ameshika taa, nikasafisha, akapata dawa ya fangasi kwa daktari wa pale. Huyo bibi alikuwa hasubiri daktari wa meno aje amuone kwanza, alikuwa hana yeyote. Na bakteria wa kinywa kichafu wakivutwa kwenye mapafu ndo nimonia zinazoua wazee, hilo wewe unalijua kuliko mimi.

Kwa hiyo daktari, huduma pungufu nakubaliana nayo kama tungekuwa tunachagua kati ya haijinisti na wewe. Hawa hawana wewe.

#6 Tabibu wa kata

Mimi ni tabibu wa kinywa na meno, kituo cha afya huku bara. Nimefurahi huu uzi mana watu wa mjini wanadhani Marekani wanatuzidi kila kitu. Huku kwetu suala la kumruhusu mtu asiye daktari kutibu lilishaisha siku nyingi, tabibu anang'oa, anaziba, anasafisha, ni diploma miaka mitatu. Wilaya nyingi bila sisi watu wangebaki na fundi wa mtaani na koleo.

Alafu kuna jambo nataka vijana walijue. Ile njia ya kuziba jino bila mashine, unakwangua uozo kwa vifaa vya mkono tu alafu unajaza simenti ya glasi aionoma inayotoa floraidi, dunia nzima sasa wanaitumia, ilianzia hapahapa kwetu, shule ya meno Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980. Mashine za kubeba zilikuwa zinasumbua na umeme hakuna, wakaona bora vifaa vya mkono. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwenye Siku ya Afya Duniani. Haihitaji umeme, mara nyingi haihitaji hata ganzi.

Ila sisi shida yetu sio sheria, ni vifaa. Ruhusa ya kuziba ninayo, simenti inaisha. Mgonjwa anakuja na tundu dogo ningeliziba kwa dakika ishirini, sina cha kuzibia, anarudi nyumbani, miezi sita baadae anakuja shavu limevimba nang'oa. Kung'oa hakuishiwi vifaa. Bado sijaongelea kina mama wanaopeleka vichanga kwa mafundi wakachimbwe "meno ya plastiki", yaani vijino ambavyo bado havijatoka wanavyodhani ndo vinamuumiza mtoto, hapo unakuta mtoto wa miezi mitano fizi zimekatwa na ameishiwa damu. Elimu ya kuzuia hilo inabidi utoke kituoni uende kliniki ya watoto, na mafuta ya pikipiki nani anatoa.

#7 Mleta uzi

Tabibu, shikamoo kwa kazi unayofanya, sijui umri wako ila unastahili. Hiyo simenti na ile dawa ya kusimamisha uozo inayoacha doa jeusi, silva daiamini floraidi, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, Shirika la Afya Duniani liliviingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Kuwa kwenye ile orodha kunampa nguvu mganga mkuu wa wilaya kuvidai kwenye manunuzi kama anavyodai dawa za malaria, mkumbusheni. Hiyo dawa ya doa jeusi huku tunaipaka kwa kibrashi, tone moja, mara nyingi uozo unasimama, jino linabaki na doa jeusi. Kwa mtoto wa miaka mitatu asiyetulia kwenye kiti ni neema. Na kuna majimbo haijinisti anaruhusiwa kuipaka, mengine mpaka daktari aagize.

#8 Mkazi wa Kisumu

Sisi Kenya tuko na hao watu, wanaitwa maafisa wa afya ya kinywa ya jamii, KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, inawafundisha diploma miaka mitatu na wanasajiliwa na baraza lilelile la madaktari. Dada yangu ni mmoja wao. Shida ni kaunti haziwapi ajira. Wamesoma wako nyumbani, na shule za msingi hapa watoto wameng'oka magego. Lakini swali langu kwa mleta uzi, nimesikia huko Alaska kuna watu wanapanda ndege ndogo kwenda vijijini kutibu meno, hao ni mahaijinisti pia?

#9 Mleta uzi

Mkazi wa Kisumu, hao wa Alaska ni daraja lingine, ni matabibu wa meno, wanafanana sana na Tabibu hapo juu. Jamii za wenyeji wa Alaska walichoka kusubiri madaktari ambao hawaji, wakapeleka vijana wao New Zealand kusoma, mana New Zealand wamekuwa na wauguzi wa meno wa mashuleni tangu mwaka 1921. Vijana wakarudi wakaanza kazi mwaka 2004 na kuendelea, vijiji ambavyo hakuna barabara, unafika kwa ndege ndogo au boti. Chama cha madaktari wa meno Marekani pamoja na chama cha Alaska wakawapeleka mahakamani mwaka 2006. Mwaka 2007 mahakama ikaamua kwa upande wa wenyeji, matabibu wakabaki. Hapa Minnesota tukapitisha sheria ya matabibu wa meno mwaka 2009, baadae Maine, Vermont, Arizona na wengine.

Na kwa waliouliza inboksi kama bodi za madaktari zina haki ya kuzuia tu watu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilishaligusa mwaka 2015 kwenye kesi ya bodi ya meno ya North Carolina na FTC. Bodi ilikuwa inawafukuza watu wa kung'arisha meno madukani. Majaji sita kwa watatu wakasema bodi iliyojaa watu wa biashara hiyohiyo haiwezi kujificha nyuma ya serikali kama serikali yenyewe haiisimamii. Ile haikuhusu mahaijinisti, ila bodi zote zilisikia.

#10 Binti wa Minneapolis

Kaka shikamoo. Mimi nipo hapahapa Minneapolis, na mama yangu tulipitia kambi ya wakimbizi ya Kakuma kule Kenya kabla ya kuja, sasa yuko nyumba ya wazee na Kiingereza hajui, anasema fizi zinauma lakini kila nikipiga simu kliniki wanasema tumlete na yeye hawezi kukaa kwenye gari. Nifanyeje?

#11 Mleta uzi

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Kesho asubuhi mtafute mkuu wa wauguzi wa pale, muulize wana mkataba na haijinisti anayefanya kazi kwa makubaliano na daktari, mwambie unajua sheria ya Minnesota inaruhusu aje chumbani. Kama hawana, muombe aandike kwenye faili kwamba mgonjwa analalamika maumivu ya fizi, wakishaandika inabidi walifanyie kazi. Medical Assistance, yaani Medicaid ya jimbo letu, inalipia meno ya watu wazima, hakikisha ya mama iko hai haijaisha muda, hilo ndo linaangusha wengi. Omba na mkalimani wa Kiswahili, ni haki yake, usikubali kutafsiri kwa simu ukiwa kazini.

Kwa sasa kama ana meno bandia yatolewe usiku, yasuguliwe kwa brashi, yalale kwenye maji. Meno yake mwenyewe yapigwe mswaki laini mara mbili hata kama fizi zinatoa damu kidogo. Ukiona shavu limevimba, homa, au hawezi kumeza, usisubiri mtu wa meno, piga namba ya dharura 911 muda huohuo. Nimekutumia ujumbe inboksi, nijibu na mtaa wa hiyo nyumba ya wazee niangalie nani anahudumia upande huo.